Unaenda kulala loji ya Lushoto? Mwongozo kamili, kuanzia simu ya kwanza mpaka kurudisha funguo

Kila likizo ya Juni na kila Desemba napata meseji za aina moja. Mtu katoka Dar na familia, kapanda Lushoto kupumzika, karudi kanuna. Maji yalikuwa ya baridi, chakula kimechukua masaa mawili, umeme umekatika, menyu ina vitu arobaini na vilivyopo jikoni ni vitatu. Nikimuuliza, uliwauliza nini kwenye simu? Anasema niliuliza kama maji ya moto yapo, wakasema yapo.

Sasa hapo ndo mmekosana, kwenye hilo neno "yapo". Kwa mtu wa mjini maana yake unafungua bomba yanatoka. Kule inaweza kuwa bomba kweli, inaweza kuwa hita ya umeme kwenye shawa, inaweza kuwa sola iliyoshinda siku nzima kwenye ukungu, au inaweza kuwa sufuria kubwa jikoni na kijana wa kukuletea ndoo mlangoni. Zote nne ni "yapo" na hamna aliyekudanganya.

Mengi nitakayoandika hapa nimeyajua kwa kukosea mwenyewe. Naongelea loji na gesti za bei ya kawaida za Lushoto mjini, Soni, Irente, Magamba mpaka kule Mtae. Sio hoteli kubwa. Ukienda Tukuyu au Njombe utabadilisha majina ya sehemu tu, mengine yote ni yale yale.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Kitambulisho cha kila mtu mzima (NIDA, leseni au pasipoti). Kuna kitabu cha wageni na kitajazwa, usianze kubishana na binti wa mapokezi kwamba mbona mwaka jana hawakuuliza.
- Keshi ya kutosha siku zote utakazokaa. Lushoto mjini ATM zipo, ila siku mtandao umegoma au uko Mtae huna pa kukimbilia.
- Sweta, soksi na kitu cha kufunika kichwa. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Magamba ni juu zaidi. Kuanzia Juni mpaka Agosti usiku wake sio wa mchezo, na mtu aliyetoka Mbagala na tisheti mbili huwa anaumia kweli.
- Tochi na pawabenki.
- Ndala, sabuni na taulo lako. Mara nyingi utavikuta, sema ndala za loji huwa zote za mguu wa kushoto.
- Laini mbili za mitandao tofauti. Kwenye milima unaweza kukuta upande huu wa nyumba inashika moja, upande ule nyingine.

## Hatua ya 1: Piga simu, na usiulize swali la ndiyo au hapana

Ukiuliza "chakula kipo?" utaambiwa kipo. "Parking ipo?" ipo. Mpokea simu anataka uje, na kwa kweli vitu vipo kwa namna yake. Kwa hiyo uliza kwa "vipi", "saa ngapi" na "nani":

1. Maji ya moto yanatokaje, na yanakuwepo saa ngapi?
2. Umeme ukikatika mnafanyaje? Kama ni jenereta, linawashwa saa ngapi linazimwa saa ngapi?
3. Bei hiyo ni ya chumba au ya mtu? Ina chai ya asubuhi ya watu wangapi?
4. Choo na bafu viko ndani ya chumba au nje?
5. Gari dogo linafika mpaka mlangoni hata mvua ikinyesha?
6. Tukifika saa kumi jioni chakula tutakipata saa ngapi?
7. Kuna masharti gani ya nyumba?

Hilo la saba watu hawaulizi kabisa. Kule kuna nyumba za wageni za makanisa, safi na tulivu, bei nzuri, ila pombe hakuna na kwa mtu na mwenzake wasio na ndoa inaweza kuwa tatizo. Ni nyumba yao na utaratibu wao, wewe jua mapema, usije ukajulia getini na kreti ya bia kwenye buti.

Ukimaliza kuongea andika yote kwenye WhatsApp. Yangu huwa hivi:

"Dada habari za kazi. Ni kama tulivyoongea, vyumba viwili vya self, kimoja kitanda kikubwa kimoja vitanda viwili, Ijumaa mpaka Jumapili, bei uliyonitajia ina chai ya asubuhi ya watu wanne, maji ya moto ni hita ya shawa. Tutafika saa kumi jioni. Kama nimekosea sehemu nirekebishe."

Sababu ni kwamba anayepokea simu Jumatatu sio atakayekupokea Ijumaa. Binti wa zamu nyingine hajui mliongea nini, na wewe ukianza kusema "lakini niliambiwa" unaonekana msumbufu. Ukimuonyesha meseji mambo yanakwisha.

Tahadhari ya advansi: tuma sehemu tu, usitume yote, na uliza kwanza ukiahirisha inakuwaje. Jina likitokea kwenye simu na halifanani na ulichoambiwa, usibonyeze namba ya siri. Piga kwanza uulize hilo jina ni la nani. Mara nyingi ni la mwenye loji au mhasibu, ila bora kuuliza.

Umefanikiwa ukiona amejibu meseji yako kwa maneno. Dole gumba peke yake halitoshi, mwambie aandike.

## Hatua ya 2: Panga kufika kabla ya giza

Kutoka Dar unapita Chalinze, Segera, Korogwe, alafu Mombo ndo unaacha barabara kuu na kuanza kupanda. Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 tu lakini ni kona juu ya kona, unapita Soni, na anayetapika atatapika. Kipindi cha masika udongo huwa unashuka barabarani, kwa hiyo mahesabu ya "kilomita 33 nusu saa" yaache Mombo.

Loji nyingi unaingia chumbani kuanzia saa nane mchana na unatoka saa nne asubuhi. Lenga saa tisa mpaka saa kumi na moja. Chumba utakiona kwa mwanga wa jua, jikoni moto bado unawaka, na kama chumba kibovu bado kuna vingine.

Mimi mara moja nilifika saa tatu usiku mvua inanyesha, nimechoka, nikapewa funguo nikaingia nikalala na koti. Usiku kucha nasikia kaubaridi kanapita sikioni, nikadhani ni milima. Asubuhi nafungua pazia, kioo kimoja cha dirisha hakipo, kimezibwa na kava la daftari la mtoto wa shule, tena la hesabu. Ningefika mchana ningekiona kwa dakika moja.

## Hatua ya 3: Kagua chumba kabla begi halijashuka

Mwambie mhudumu kwa upole, "dada naomba nikione kwanza chumba". Hakuna loji ya maana itakayokataa. Pita kwa mpangilio huu:

Mlango. Funga kwa funguo ukiwa ndani, fungua, alafu funga ukiwa nje. Komeo la ndani lazima liwepo.

Kitanda. Vuta shuka mpaka upande wa miguuni, maana kichwani kila mtu hutandika vizuri. Nusa mto. Gusa godoro kwa kiganja, kule kuna unyevu na chumba kilichofungwa wiki mbili kinaweza kuwa na kaharufu. Harufu ya kufungiwa inaisha ukifungua dirisha, harufu ya mkojo haiishi, badilisha chumba.

Bafuni. Vuta maji ya choo mara moja ujue tenki linajaa tena. Kama maji ni ya mgao, kuwe na pipa au ndoo imejaa na kopo.

Dirisha, taa, soketi. Chomeka simu uone inachaji. Rahisi kuliko kuja kuuliza saa nne usiku.

Blanketi. Hesabu. Moja kwa kitanda halitoshi mwezi wa saba.

### Unachostahili hata kama bei ni ndogo

Shuka zilizofuliwa, mlango unaofunga, choo kinachopitisha, maji hata kama ni ya ndoo, mlinzi usiku, bei ile ile mliyokubaliana, na kuongeleshwa kwa heshima. Hivi usiviombe kama msaada. Kikikosekana kimoja, sema hapo hapo.

### Usichotakiwa kutegemea

Waifai ya kuangalia mpira. TV yenye chaneli zote. Chumba kupashwa joto. Mtu wa kukuletea chipsi saa sita usiku. Na kimya cha alfajiri, ndugu yangu, kisahau kabisa: adhana ipo, kengele ya kanisa ipo, na jogoo wa kule haulizi umelipia siku ngapi. Wanaolalamikia jogoo huwa nawashangaa, ulikuja kijijini kufuata nini?

## Hatua ya 4: Maji ya moto

Hapa nitakaa kidogo maana nusu ya malalamiko yote ni haya, na mara nyingi maji ya moto yalikuwepo ila mgeni hakujua kuyatoa.

Kama ni hita ya shawa (lile dude la plastiki juu ya kichwa lenye waya), tafuta swichi kwanza. Huwa ni kubwa, iko nje ya mlango wa bafu au nyuma ya mlango wa chumba, mara nyingi ina kitaa chekundu. Washa. Kitufe cha kwenye hita lenyewe kiweke upande wa moto kabla hujafungua maji, mikono ikiwa mikavu.

Sasa fungua bomba kidogo. Watu wanafungua mpaka mwisho wakidhani ndo moto utaongezeka, kumbe ni kinyume, maji yanapita haraka hayapati muda wa kuchemka. Ukipunguza yanapata moto. Ila ukipunguza sana hita linajizima lenyewe, kwa sababu ndani linasukumwa na presha ya maji ndo liwake. Kwa hiyo cheza na koki taratibu, pale utakaposikia linaanza kuvuma na taa ya chumbani inafifia kidogo, umepata. Subiri nusu dakika.

Kama kitaa chekundu kinawaka, umecheza na koki, na bado ni barafu, basi presha ya tenki ni ndogo au hita limekufa. Toka uite mhudumu, usilifungue.

Onyo: ukigusa koki ukahisi kamshituko kadogo ka umeme, toka, zima swichi ya nje, usiogeshe mtoto humo. Hata kama mhudumu atakwambia "hiyo ni kawaida yake", sio kawaida. Omba chumba kingine au ndoo.

Kama ni sola, oga jioni. Maji yameshinda juani mchana, saa kumi na mbili jioni ni ya moto, alfajiri ni vuguvugu au hamna kitu. Ukungu ukikaa siku mbili tatu, wala usihangaike, agiza ndoo.

Kama ni ndoo, agiza nusu saa kabla na taja saa. "Naomba maji ya kuoga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndoo mbili." Na kwa siri nikwambie, ndoo ya maji yaliyochemshwa kwa kuni kwenye baridi ya Lushoto inaipita shawa yoyote.

Umefanikiwa ukiona kioo cha bafuni kimefifia kwa mvuke.

## Hatua ya 5: Agiza chakula siku ile ile unapofika, kabla hata ya kuoga

Menyu ya loji ya milimani ichukulie kama orodha ya vitu ambavyo mpishi anavijua kupika. Wageni ni wachache katikati ya wiki, umeme sio wa kuuamini kwenye friza, kwa hiyo hawanunui mpaka uagize. Ukisema kuku wa kienyeji, kuna kijana anatumwa, kuku anatafutwa, anakamatwa, anachinjwa, ananyonyolewa, ndo anaanza kuchemka, na wa kienyeji haivi haraka. Saa moja na nusu hapo wamekimbia.

Kwa hiyo usifungue menyu. Nenda mpaka karibu na jikoni, salimia, uliza "mama leo mna nini kilichopo?" Utaambiwa labda wali maharage na mboga, viazi, mayai, au makande. Kula hivyo usiku wa kwanza, na hapo hapo agiza kuku wa kesho, taja na saa.

Na mboga za kule usizidharau. Karoti na kabichi unazonunua sokoni Dar nyingi zinashuka kutoka milima hiyo, huko unazila zimetoka shambani asubuhi. Mimi nikienda nyama naisahau kabisa.

Chai ya asubuhi ya kawaida ni chai au kahawa, mayai, mkate au chapati, na tunda. Supu ni bahati. Taja usiku mtakunywa saa ngapi na mko wangapi, maana mpishi anaweza kuwa anatoka nyumbani kwake kwa mguu.

Uliza bei ya kila sahani kabla haijapikwa. Kuku mzima na robo kuku ni bei mbili tofauti na mzozo wake huwa unatokea siku ya kuondoka.

## Hatua ya 6: Jipange na usiku mapema

Blanketi la ziada liombe kabla ya saa mbili usiku. Sio kwamba hawana, ni kwamba mwenye funguo ya stoo anaenda kwake, anabaki mlinzi, na mlinzi hana funguo. Hii imewagharimu wengi.

Chaji simu zote kabla ya saa ya kuzima jenereta. Weka tochi pale ambapo mkono utaifikia gizani.

Onyo ambalo sina utani nalo: usikubali jiko la mkaa chumbani. Kuna wageni wanaomba wenyewe, wanafunga madirisha wanalala na jiko linawaka ili kupata joto. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, unasinzia na huamki. Hata makaa yaliyobaki mekundu kidogo bado yanaitoa. Kama loji ina sehemu ya kuotea moto yenye dohani ya kutoa moshi juu, kaeni hapo mpige stori, alafu mkalale na blanketi mbili na soksi.

## Hatua ya 7: Kulalamika mpaka usikilizwe

Wengi wanavumilia siku mbili wamenuna, alafu siku ya kuondoka wanalipuka mapokezi na kuomba wapunguziwe. Hapo umechelewa, hakuna tena cha kurekebisha na meneja anaona unatafuta njia ya kukwepa bili.

Sema ndani ya saa ya kwanza. Anza na salamu, kama meneja ni mtu mzima mpe shikamoo yake, muulize habari za kazi, usiruke. Alafu taja kitu kimoja na unachotaka kifanyike:

"Mzee, chumba namba nne hita haliwaki, nimejaribu kama dada alivyonielekeza. Naomba mnihamishe au niletewe ndoo mbili saa moja."

Hapo umempa kazi anayoiweza. Ukisema "huduma zenu mbovu" umempa lawama, na mtu wa milimani aliyelaumiwa mbele za watu atakujibu "sawa bosi" kwa utaratibu mzuri na hakuna kitakachofanyika.

Madai ya haki ni kuhamishwa chumba, kitu kurekebishwa, au kupunguziwa kile ulicholipia na hukukipata. Kama uliambiwa bei ina chai ya watu wanne ikaletwa ya wawili, toa ile meseji ya WhatsApp. Kudai usiku mzima wa bure kwa sababu umeme wa TANESCO ulikatika, hiyo hapana, labda kama waliahidi jenereta.

## Hatua ya 8: Matembezi

Fupi tu. Irente kwenye ukingo wa mlima unaweza kwenda hata kwa mguu kutoka mjini kama una miguu. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), una kiingilio, na risiti unapewa. Loji ikikutafutia mwongozaji, kubalianeni bei mbele ya mtu wa mapokezi, ya kundi zima au ya kila kichwa, mjue kabla hamjaanza kutembea.

## Hatua ya 9: Funga bili usiku wa mwisho

Asubuhi ya kuondoka kila mtu ana haraka, basi linakaribia, mtoto hajavaa viatu, na karatasi ya bili imeandikwa kwa mwandiko wa kukimbia. Omba bili baada ya chakula cha usiku. Kaa nayo mezani, pitia soda moja moja, toa advansi uliyotuma (hii husahaulika mno, tena bila nia mbaya), kama wanatoza VAT ya 18% uliza iko ndani ya bei au inaongezwa juu, na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Bakshishi ni hiari yako. Ukitaka kumpa mpishi, mpe mwenyewe mkononi.

Kama unaondoka alfajiri, chai yako ya asubuhi umeshailipia, usiiache. Mwambie mama wa jikoni usiku ule ule akufungie: mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi mbili, na kama una chupa ya chai mwachie aijaze. Mimi huwa nakula nikishafika Mombo, kona zimeisha.